Chumba Kimoja, Watoto Watatu: Shajara ya Kugawa Chumba cha Kulala, Kimara, Dar es Salaam

25 Mei 2024: Vipimo na mstari wa ukuta

Chumba kinachogawanywa kina urefu wa mita 4.8 na upana wa mita 3.6, nacho kimekaa kwenye kona ya nyumba, jambo ambalo ndilo lililofanya kazi hii iwezekane. Ukuta wake wa kusini una dirisha moja la aluminiamu la kusukuma, lenye upana wa mita 1.5, lililowekwa katikati kabisa. Ukuta wa mashariki nao unatazama nje, ila ni mtupu. Mlango uko upande wa korido, karibu na kona ya kaskazini-magharibi. Watoto ni watatu: binti wa miaka 13 na wadogo zake wawili wa kiume, wa miaka 9 na 7, ambao hadi sasa wametenganishwa na dada yao kwa pazia lililotundikwa kwenye waya. Pazia hukinga macho tu. Halizuii taa ya anayesoma hadi saa nne usiku wala kelele za wanaoamka alfajiri.

Fundi wa kwanza kuja kuangalia alipiga mstari wa chaki katikati ya sakafu, mita 2.4 kila upande, akasema, "Mama, hapa ni kusimamisha ukuta tu, wiki ijayo watoto wanalala." Mstari wake uliishia katikati ya dirisha. Vyumba vilivyogawanywa kwa namna hiyo ni vingi, na kasoro yake ni ileile: vioo vya kusukuma haviwezi tena kupishana, na kati ya mwisho wa ukuta na kioo panabaki upenyo wa vidole viwili unaopitisha mwanga, sauti na mbu. Kuusogeza mstari hadi ukingo wa dirisha, kwa upande mwingine, kungemwachia binti kichochoro cha upana wa mita 1.6.

Tuliamua ukuta upinde. Unaanzia upande wa korido, sentimita 155 kutoka kona ya magharibi, unakwenda moja kwa moja hadi katikati ya chumba, unakata kuelekea mashariki kwa mita 1.7, kisha unageuka tena kwenda kusini na kutua sentimita 10 nje ya ukingo wa dirisha. Kwa mpango huu dirisha la zamani lote linabaki kwa wavulana, na binti anafunguliwa dirisha lake kwenye ukuta wa mashariki na mlango wake kwenye korido. Kila upande unapata zaidi kidogo ya mita 8 za mraba. Pembe za ndani za ukuta zinakuwa mahali pa kabati bila kumeza njia, na kupinda kwenyewe kunauimarisha ukuta mwepesi ambao ungenyooka ungekuwa unatikisika. Hasara yake ni urefu: mita 5.3 badala ya 3.6.

Ukuta wa tofali tuliukataa mapema. Hata ule ulionyooka, kwa kimo cha mita 2.7, ungehitaji matofali ya inchi 6 yasiyopungua 90, na kila tofali lina zaidi ya kilo 20. Hizo ni karibu tani 2 kabla ya plasta, juu ya jamvi (zege la sakafu) jembamba lisilo na msingi chini yake. Ukuta tuliouchagua, wa mbao za jipsamu (gypsum board) na fremu yake, pamoja na kupinda kote huko, hauzidi kilo 400.

1 Juni 2024: Dirisha na mlango wa binti

Kazi ya kubomoa ilitangulia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni vumbi. Ya pili, na ndiyo kubwa, ni kwamba mpango wote ulitegemea kuwapo kwa linta (boriti ya zege juu ya madirisha na milango) inayozunguka nyumba nzima. Kama ingekuwa imepita juu ya dirisha la zamani peke yake, kufungua ukuta wa mashariki kungehitaji kumwaga linta mpya, na bajeti ingebadilika.

Hilo halikisiwi kwa macho. Fundi alitoboa plasta sehemu tatu za ukuta wa mashariki, kwa kimo cha mita 2.1 kutoka sakafuni, kila tundu upana wa kiganja. Tofauti unaisikia kabla ya kuiona: tofali hupokea tindo kwa mlio mzito na kumwaga mchanga, ilhali zege la linta huirudisha tindo mkononi na kutoa chenga ngumu za kijivu. Matundu yote matatu yalitoa chenga. Tulifanya vivyo hivyo upande wa korido, na linta ilikuwapo.

Kabla ya kukata tulizima mein swichi, kwa kuwa bomba la waya linaloshuka kwenye soketi ya ukuta wa mashariki lilikuwa ndani ya eneo la dirisha jipya. Hapo ndipo tatizo la kwanza lilipotokea. Fundi alianza kubomoa kwa nyundo na tindo kutoka ndani, na kabla hajatoa tofali la pili plasta ya nje ilikuwa imeachia ufa ulioanzia kwenye kona ya uwazi na kupanda hadi pembe ya nyumba. Kazi ilisimamishwa. Fundi mwingine alikuja na grainda yenye diski ya kukatia zege, akachora dirisha kwa pimamaji ndani na nje, akakata mistari yote minne pande zote mbili, ndipo akaanza kutoa matofali kutoka juu kushuka chini. Mlango aliukata hivyohivyo, na upande wa pili wa ukuta haukupata hata mkwaruzo. Anayetaka kuiga kazi hii akodi grainda tangu siku ya kwanza.

Ufa wa nje haukuzibwa kwa kupakwa simenti juu yake, kwani ungefunguka tena. Ulipanuliwa kwa tindo hadi ukawa mfereji, ukasafishwa, ukaloweshwa maji, ukafunikwa kwa waya wa kuku uliopigiliwa pande zote mbili, kisha ukapigwa plasta upya na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima.

Gharama: ubomoaji wa dirisha TSh 60,000, uwazi wa mlango 50,000, marekebisho ya plasta 85,000. Dirisha la aluminiamu la mita 1.2 kwa 1.2, likiwa na nyavu na nondo, ni 380,000. Nondo zake zina kipande kinachofunguka kwa komeo la ndani, kwa sababu chumba cha mtoto chenye nondo zisizofunguka kina njia moja tu ya kutokea pakitokea moto.

8 Juni 2024: Fremu ya mbao iliyopinda

Fremu ya kwanza ilikuwa ya mbao za msonobari, mbili kwa tatu, zilizotiwa dawa ya mchwa. Sababu ya kuzichagua ilikuwa bei: TSh 118,000 kwa ukuta mzima. Zilisimamishwa vizuri, timazi ikakubali kila nguzo. Siku chache baadaye, kabla jipsamu haijapachikwa, nguzo tatu zilikuwa zimejisokota, na moja ilikuwa imetoka kwenye mstari kwa upana wa kidole gumba.

Kosa halikuwa la fundi. Mbao ziliuzwa zikiwa bado na maji ya dawa ndani yake, na mbao mbichi ikibanwa juu na chini hukauka kwa kupinda katikati. Kama tungewahi kupachika jipsamu, viungo vyake vyote vingepasuka. Dalili zipo kwa anayezijua: mbao iliyokauka ni nyepesi kuliko inavyoonekana, ncha yake ina nyufa ndogo ndogo, na ukiigonga inalia; mbichi ni nzito, ina ubaridi kwenye kiganja, na harufu ya dawa ni kali. Kwa mwenye nafasi ya kuzipanga kivulini wiki kadhaa, zikitenganishwa kwa vipande ili hewa ipite, mbao bado ni chaguo zuri. Sisi tulikuwa na likizo moja ya shule.

Mbao ziling'olewa na kuwekwa kando kwa ajili ya rafu, na tukahamia kwenye chaneli za bati za milimita 50. Chaneli na reli zake zilitugharimu TSh 210,000.

15 Juni 2024: Reli ya chini, vigae na maji ya kudeki

Sakafu ni ya vigae, na reli ya chini lazima ifungwe kwenye zege lililo chini yake. Kigae hutobolewa kwa ncha maalumu ya vigae na drili ikizunguka bila kugonga; ukishafika kwenye zege ndipo unabadilisha ncha na kuwasha kugonga. Kipande cha tepu ya karatasi juu ya kigae huzuia ncha isiteleze. Kigae kimoja kilipasuka hata hivyo, kikafichwa na skatingi (ukanda wa vigae unaobandikwa chini ya ukuta).

Chini ya reli tulitandika vipande vya tyubu ya gari vilivyokatwa kwa upana wa reli. Mpira huo hujaza mabonde madogo ya sakafu na hupunguza mtikisiko wa miguu unaopita kutoka chumba hadi chumba. Fundi wa jipsamu alicheka alipouona, lakini ni kitu cha kuokota kwa mziba pancha, na hatukulipa hata senti.

Jambo linalosahaulika mno katika nyumba zetu ni kudeki. Jipsamu hunywa maji kutoka chini, na ukuta unaopitiwa na dekio kila asubuhi huvimba na kuoza ndani ya miezi michache. Kwa hiyo mbao zote za jipsamu ziliinuliwa sentimita 1 kutoka sakafuni kwa kuwekewa vijiti wakati wa kufunga, upenyo ukajazwa gundi isiyopitisha maji, na skatingi ya vigae ikabandikwa juu yake kwa kimo cha sentimita 10. Skatingi pamoja na ufundi ni TSh 70,000.

Nguzo za chaneli zimesimamishwa kila sentimita 40. Mafundi wengi huweka 60, na kwa ofisi inatosha. Kwa chumba cha wavulana wawili haitoshi.

22 Juni 2024: Umeme, pangaboi na jipsamu

Pangaboi la zamani lilikuwa katikati ya dari, yaani juu kabisa ya mahali ukuta unapokata kwenda mashariki. Lilikuwa la inchi 48, sawa na sentimita 122, na katika upande wa binti wenye upana wa chini ya mita 1.8 mapanga yake yangepita karibu mno na kuta. Lilihamishiwa sebuleni. Kwake limefungwa la inchi 36, ambalo linaacha zaidi kidogo ya sentimita 40 kila upande, likiwa limening'inizwa kwenye mbao ya kenchi (fremu inayobeba paa) na wala si kwenye jipsamu ya dari. Kwa wavulana pangaboi halikufaa hata kidogo, kwa sababu wanalalia kitanda cha deka, na anayelala juu angelifikia kwa kunyoosha mkono. Wamewekewa feni ya ukutani, mbali na kitanda. Feni zote mbili ni TSh 155,000.

Kazi ya nyaya ilifanywa na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) kwa TSh 190,000, vifaa vikiwa ndani ya bei hiyo: waya wa milimita 1.5 za mraba kwa taa, 2.5 kwa soketi. Alisisitiza mambo mawili ambayo fundi wa jipsamu aliyaona ya kupoteza muda. La kwanza, nyaya zipite ndani ya bomba la plastiki kila zinapovuka tundu la chaneli, kwa sababu ukingo wa bati hukata ngozi ya waya polepole, na fremu yenyewe iunganishwe na waya wa ethi. La pili, soketi za vyumba viwili zisitazamane mgongo kwa mgongo katika nafasi moja ya nguzo, kwani sauti hupita humo kama hakuna ukuta.

Kabla ya kufunika tulipachika vipande vya plaiwudi ya milimita 12 kati ya nguzo, kuanzia sakafuni hadi kimo cha mita 1.2 upande wa wavulana, na kwenye kimo cha rafu upande wa binti. Skrubu ya rafu ikikamata jipsamu peke yake, itatoka siku mtoto atakapoegemea. Plaiwudi tatu zilikuwa TSh 126,000. Jipsamu 12 za milimita 12, TSh 324,000. Skrubu, plagi, tepu ya nyavu na unga wa jipsamu, TSh 95,000. Ufundi, TSh 350,000. Upigaji wa viungo na kupiga msasa ulikwenda kama kawaida yake.

6 Julai 2024: Sauti inayopita juu

Ukuta uliposimama, mlango wa wavulana ukiwa umefungwa na uwazi wa mlango wa binti umefunikwa kwa ubao, tuliweka redio chumbani kwa wavulana kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida. Upande wa pili kila neno lilisikika. Ushauri wa kwanza tuliopewa ulikuwa wa kubandika trei za mayai. Hatukuufuata: trei hupunguza mwangwi ndani ya chumba chenyewe, hazizuii sauti kwenda chumba cha jirani, na ni karatasi inayoshika moto upesi. Sponji za magodoro ni mbaya zaidi, kwa kuwa moshi wake ukiungua ni sumu.

Tulichofanya ni kutafuta sauti inapopita. Binti alipanda juu ya kiti na kuweka sikio ukutani, akishuka taratibu kutoka darini hadi sakafuni, huku redio ikiendelea. Katikati ya ukuta sauti ilififia. Karibu na dari ilikuwa wazi. Sababu mbili zikaonekana. Dari ya nyumba ni jipsamu ya milimita 9 iliyotandazwa kabla, na juu yake kuna uwazi mmoja usio na kizuizi hadi kwenye bati, kwa hiyo sauti inapanda chumba kimoja na kushuka kingine. Pili, pale ukuta mpya unapokutana na ule wa zamani, urembo wa pembeni mwa dari haukukatwa. Jipsamu ilichongwa kuufuata, na upenyo uliobaki ulifunikwa kwa unga tu.

Urembo ulikatwa kwa msumeno mdogo, ukuta ukafika darini kwa ukamilifu. Kisha fundi alipanda darini na vipande vya jipsamu vilivyobaki, akavisimamisha juu ya mstari wa ukuta, akavifunga kwenye kenchi hadi karibu na bati. Mwisho, upande wa binti uliongezewa tabaka la pili la jipsamu ya milimita 9, viungo vyake vikiwa havikutani na vya tabaka la kwanza. Mbao sita za jipsamu hiyo, TSh 114,000. Redio ileile sasa inasikika kama mnong'ono usioeleweka, na kilio cha mtoto bado kinasikika, jambo ambalo mzazi analihitaji.

10 Agosti 2024: Hewa, mlango na mpira

Mlango wa binti ulikuwa umeagizwa wa kawaida, uliofungwa wote. Kabla seremala hajaanza tulifanya jaribio dogo la hewa: chetezo chenye udi kiliwekwa katikati ya chumba chake, dirisha likafunguliwa, na uwazi wa mlango ukafunikwa kwa ubao. Moshi ulipanda, ukatanda darini na kukaa hapohapo. Ubao ulipoinuliwa kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni, moshi ulianza kujongea, na baada ya muda mfupi ulikuwa unatoka dirishani. Dirisha moja bila mahali pa hewa kuingilia ni mwanga tu. Tulibadilisha oda, na mlango ukatengenezwa ukiwa na vipande vya mshazari sehemu ya chini, ambavyo vinapitisha hewa bila kumwonyesha aliye ndani. Mlango na fremu ni TSh 180,000, kitasa 35,000. Rangi ya vyumba vyote viwili ilikuwa 110,000.

Jumla hadi leo, tukihesabu na mbao zilizopinda, ni TSh 2,652,000. Dirisha, mlango na umeme, pamoja na ubomoaji na marekebisho yake, vimekula karibu milioni moja kati ya hizo. Anayepiga hesabu ya jipsamu na chaneli peke yake atakwama njiani.

Wiki hii mpira wa wavulana ulitoboa ukuta juu ya mahali plaiwudi inapoishia. Tundu lilikatwa likawa mraba, kipande cha ubao kikapenyezwa nyuma na kufungwa kwa skrubu pande mbili, kiraka cha jipsamu kikafungwa juu ya ubao huo, tepu na unga vikafuata. Laiti plaiwudi ingefika mita 1.8.

23 Novemba 2024: Mvua ya vuli kwenye dirisha jipya

Mvua kubwa ya kwanza iliacha doa chini ya dirisha la mashariki, upande wa ndani. Kingo ya chini ilipigwa plasta ikiwa tambarare, maji yakatuama juu yake na kunyemelea chini ya fremu. Ilipasuliwa na kupigwa upya ikiinamia nje na kutokeza sentimita 5 mbele ya ukuta, na chini ya ukingo wake fundi alichora mfereji mwembamba kwa msumari wakati simenti ingali mbichi, ili matone yakatike hapo na kudondoka badala ya kurudi ukutani. TSh 40,000. Mvua zilizofuata hazikuacha doa.

18 Januari 2025: Ufa wa saa sita mchana

Joto limeleta ufa mwembamba pale ukuta mpya unapogusa dari. Adhuhuri unaingiza ukucha, usiku unakaribia kufunga. Dari inaning'inia kwenye kenchi zilizo chini ya bati, na kenchi zinacheza kadiri bati linavyopata moto, wakati ukuta umesimama kwenye zege na hauchezi. Unga wa jipsamu ni mgumu, hauwezi kufuata mchezo huo, na kuuziba upya kwa unga uleule kumeshindwa. Silikoni ya kawaida nayo haikubali rangi ya maji. Kilichofaa ni gundi ya akriliki inayobaki laini na kukubali rangi: ufa ulikwanguliwa wote, ukajazwa adhuhuri ukiwa umefunguka kabisa, ukalainishwa kwa kidole kilicholowa maji, na rangi ikapakwa siku iliyofuata. Makopo mawili yalitosha mstari wote, TSh 24,000.